Umbali wa ndege kati ya viwanja viwili: njia ipi utumie, na kwa kazi gani

Uliza umbali wa kuruka kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi, utaletewa 668, 665, 413 au 359. Hakuna aliyekosea. Mbili za kwanza ni kilomita, ila moja imeichukulia dunia kuwa tufe kamili na nyingine imezingatia kwamba dunia imetanuka kidogo kwenye ikweta na kubonyea kwenye ncha. 413 ni maili za kawaida. 359 ni maili za baharini, ambazo ndizo marubani wanazotumia. Na katika hizo zote hakuna hata moja inayokwambia ndege ya leo asubuhi imekata kilomita ngapi angani.

Hapo ndipo mambo yanapochanganywa. Kuna maswali mawili tofauti. La kwanza ni umbali mfupi kabisa juu ya uso wa dunia kati ya kiwanja A na kiwanja B. Huo haubadiliki, labda kiwanja kihamishwe. La pili ni urefu wa njia ambayo ndege ilipita kweli, na huo hubadilika kila siku kwa upepo, foleni ya kutua na anga zilizofungwa. Anayedai fidia ya ndege iliyochelewa anahitaji jibu la kwanza. Anayepanga mafuta anahitaji la pili. Njia ya kupima inachaguliwa baada ya hapo.

Nitazipima njia hizi kwa safari mbili. Moja ni Dar es Salaam–Nairobi, fupi na jirani na ikweta. Nyingine ni Nairobi–New York, ambayo Kenya Airways ilianza kuiruka moja kwa moja Oktoba 2018. Nimezichagua kwa sababu njia inayofaulu vizuri kwenye ya kwanza inaweza kuanguka vibaya kwenye ya pili.

Rula kwenye ramani, uzi kwenye tufe

Baadhi ya ramani za dunia zinazobandikwa ukutani zimechorwa kwa mtindo wa Mercator, na mtindo huo unazivuta nchi kadiri zinavyokuwa mbali na ikweta. Kwenye latitudo ya 60 kila urefu umeshaongezeka mara mbili. Kwa hiyo skeli iliyoandikwa chini ya ramani ni ya kweli kwenye ikweta tu. Sisi tulio jirani na ikweta tuna bahati: kwa Dar–Nairobi rula itakupa jibu la kuridhisha, kosa lako kubwa litakuwa unene wa kalamu.

Nairobi–New York ni habari nyingine. Chora mstari ulionyooka kwenye ramani hiyo na utapita kusini mashariki mwa Mauritania. Lakini njia fupi ya kweli, ikifika nusu ya safari, iko mashariki kidogo ya Marrakech, Morocco, zaidi ya kilomita 1,600 kaskazini ya ule mstari. Ndege ikiufuata mstari wa rula kwa uaminifu itakata karibu kilomita 12,190. Njia fupi ni karibu 11,840. Kilichoonekana kimenyooka kimekupotezea kilomita 350.

Uzi kwenye tufe la darasani haudanganyi namna hiyo. Shikilia ncha moja Nairobi, nyingine New York, kaza, na uzi wenyewe utakwenda kupanda juu ya Sahara na Morocco bila kuambiwa. Nawasihi walimu wa jiografia wasiliache zoezi hili, kwa sababu mwanafunzi aliyekaza uzi ule hasahau tena kwa nini ndege ya kwenda Marekani "inazunguka" kaskazini. Ila kwa namba, uzi hautoshi. Tufe lenye kipenyo cha sentimita 30 linabeba zaidi ya kilomita 42 katika kila milimita moja. Dar–Nairobi ni milimita 16 hivi. Kidole kikiteleza kidogo tu, umeshakosea kwa mamia ya kilomita.

Kalamu na kikokotoo

Kwa safari za ndani ya Afrika Mashariki, hesabu inayonivutia kuliko zote ni ile ya Pythagoras tuliyoisoma sekondari. Watu wanaiogopa bure. Unachohitaji ni latitudo na longitudo za viwanja viwili kwa desimali.

Julius Nyerere, Dar es Salaam: latitudo −6.878, longitudo 39.203. Jomo Kenyatta, Nairobi: −1.319 na 36.928. Tofauti ya latitudo ni 5.559, zidisha kwa 110.6, ambazo ni kilomita za digrii moja ya latitudo huku kwetu, upate 614.8. Tofauti ya longitudo ni 2.275, zidisha kwa 111.3, kisha kwa kosaini ya latitudo ya katikati (digrii 4.1, kosaini yake 0.9974), upate 252.5. Tafuta kipeo cha pili cha kila moja, jumlisha, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo: 664.6. Hiyo ni 665 ile ile inayotolewa na programu za kitaalamu zinazohesabu kwa umbo halisi la dunia. Umeipata kwa karatasi.

Jaribu hesabu hiyo hiyo kwa Nairobi–New York na utapata karibu 12,500, yaani zaidi ya kilomita 650 juu ya ukweli. Pythagoras anafanya kazi mahali ambapo dunia inaweza kudhaniwa kuwa bapa, na katika safari ya kuvuka bahari kwenda bara jingine haiwezi.

Hapo unahamia kwenye kanuni ya duara kuu. Duara kuu ni lile linalopatikana ukiikata dunia katikati kupitia kitovu chake, na kipande cha duara hilo kati ya viwanja viwili ndiyo njia fupi kuliko zote. Kanuni yenyewe: kosaini ya pembe unayoitafuta (ile ya kwenye kitovu cha dunia, kati ya viwanja viwili) ni sawa na sini ya latitudo ya kwanza mara sini ya latitudo ya pili, jumlisha kosaini ya latitudo ya kwanza mara kosaini ya latitudo ya pili mara kosaini ya tofauti ya longitudo. Kwa Nairobi na kiwanja cha JFK cha New York (40.640, −73.779), sehemu ya kwanza ni −0.0150, ya pili ni −0.2682. Jumla −0.2832. Pembe yake ni digrii 106.45. Zidisha kwa 111.195, kilomita za digrii moja kwenye tufe lenye nusu kipenyo cha kilomita 6,371, na jibu ni 11,837. Hakikisha tu kikokotoo kimewekwa kwenye digrii, si kwenye radiani.

Wanafunzi wa sekondari Tanzania hufundishwa mada ya dunia kama tufe kwa nusu kipenyo cha 6,400. Kenya hutumia 6,370. Kwenye mtihani fuata ulichoambiwa. Kwa safari ya kweli, 6,400 inaongeza kilomita kama 34 kwenye Dar–London, ambayo ni takriban kilomita 7,500. La muhimu zaidi ni kwamba maswali mengi ya shuleni huweka miji kwenye longitudo moja au latitudo moja, na kwenye latitudo moja hukuagiza upime kufuata duara dogo, yaani mstari wa latitudo wenyewe. Hiyo si njia fupi, isipokuwa kwenye ikweta yenyewe. Mtu akitoka na mazoea hayo akayaleta kwenye ndege, atakuwa anajibu swali ambalo hakuna aliyemuuliza.

Kanuni ya kosaini ina udhaifu wake pia, na unaonekana kwenye safari fupi sana. Dar–Zanzibar ni kilomita 73. Kosaini ya pembe yake ni 0.999935. Ukitumia majedwali ya namba nne, hiyo inakuwa 0.9999, na ukirudi kwenye pembe unapata kilomita 90. Kilomita 17 za uongo katika safari ya 73! Kwa safari fupi rudi kwa Pythagoras.

Makosa mengine mawili huja kwenye hatua ya kuingiza namba. Latitudo za kusini ya ikweta lazima ziwe na alama ya kutoa. Ukiisahau kwa Dar peke yake, Nairobi inasogea hadi kilomita 940 hivi. Ukiisahau kwa zote mbili, jibu linatoka sahihi, na hilo ndilo la hatari kwa sababu linakupa imani utakayojutia siku utakapopima safari ya kuvuka ikweta. La pili ni dakika. Digrii 6 na dakika 52 si 6.52. Gawa dakika kwa 60 kwanza. Kwa Dar es Salaam, kosa hilo linakisogeza kiwanja karibu kilomita 40.

Tovuti na ramani za simu

Kwa mtu anayetaka namba tu, kwa viwanja vyenye msimbo wa herufi tatu, sioni sababu ya kutotumia Great Circle Mapper. Unaandika NBO-JFK, inakupa umbali na kukuchorea mstari. Ukiandika DAR-NBO-JFK inajumlisha vipande vyote viwili. Inahesabu kwa umbo halisi la dunia, kwa hiyo usishangae ikitofautiana na kikokotoo chako cha tufe kwa kilomita chache. Kwa Dar–Nairobi tofauti hiyo ni kilomita 3, na haina uzito kwa shughuli yoyote ya abiria.

Udhaifu wa njia hii uko kwenye ile misimbo, nao unawapata hata watu wa kazi hii. Arusha ina ARK, kiwanja cha Kisongo, lakini wageni wengi "wanaoenda Arusha" wanatua JRO, Kilimanjaro. Kati ya viwanja hivyo viwili kuna karibu kilomita 50. Kutoka Dar, JRO ni kilomita 448 na ARK ni 481. Nairobi nayo ina NBO na WIL, ambacho ni Wilson, na ndege nyingi ndogo za kwenda mbugani zinatoka Wilson. London ina zaidi ya kiwanja kimoja kikubwa. Soma msimbo uliochapwa kwenye tiketi, usikisie kwa jina la mji.

Ramani ya Google na Google Earth zina kifaa cha kupima umbali kwa mstari, nacho hufuata duara kuu. Nguvu yake iko porini. Viwanja vidogo vya changarawe ndani ya hifadhi vingine havina msimbo unaotambuliwa na tovuti, lakini ukiwa na picha ya setilaiti unaiona njia ya kurukia, unaweka alama katikati yake na kupima. Kwa anayekodi ndege ndogo kwenda kambini, au anayepanga kumtoa mgonjwa, hii ndiyo njia ninayoitetea mbele ya nyingine zote. Angalizo ni moja: ukiandika majina ya miji tu na kuomba njia, simu itakupa ya barabara. Dar–Mwanza kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100. Kwa ndege ni 851.

Muda wa safari mara kasi

Njia hii inapendwa kwa sababu ni rahisi: safari ni saa kadhaa, ndege inakwenda kilomita 800 au 900 kwa saa, zidisha. Siipendekezi kwa yeyote. Dar–Zanzibar huandikwa dakika 20 hivi. Kwa kasi ya 800 hiyo ni kilomita zaidi ya 260, na ukweli ni 73. Muda ulio kwenye ratiba huhesabiwa tangu ndege inapoanza kuondoka ilipoegeshwa hadi inapoegeshwa tena, pamoja na kusubiri zamu ya kupaa, kupanda taratibu, kushuka na kutafuta nafasi. Kwenye safari fupi mambo hayo yanameza karibu muda wote.

Kwenye safari ndefu shida ni upepo. London–New York ni kilomita 5,540 kwenda, na ni hizo hizo kurudi. Lakini kwenda magharibi huchukua takriban saa 8, kurudi mashariki kama 7, kwa sababu juu kule kuna mkondo wa upepo mkali unaovuma kuelekea mashariki. Zidisha kwa kasi na utapata umbali wa aina mbili kwa mahali pale pale.

Njia iliyorukwa kweli

Ukitaka kujua ndege ilipita wapi, fungua Flightradar24 au FlightAware uangalie mstari wake. Utaona ndege haifuati duara kuu hata siku moja kwa ukamilifu. Inapaa kwa kufuata utaratibu wa kiwanja, inaunga kwenye njia za anga zilizopangwa, inakwepa mawingu ya radi, na wakati mwingine inazungushwa hewani ikisubiri kutua.

Na zipo siasa na vita. Njia fupi ya Nairobi–Cairo, karibu kilomita 3,500, inakata Sudan. Aprili 2023 mapigano yalipozuka Khartoum na anga ya Sudan ikafungwa, ndege za abiria zilizokuwa zikipita hapo zililazimika kuzunguka. Umbali wa duara kuu haukuongezeka hata mita moja, mafuta yaliongezeka. Vivyo hivyo kwa Helsinki–Tokyo: anga ya Urusi ilipofungwa kwa Finnair mwaka 2022, safari ya saa tisa na nusu ikawa kama saa 13, na kwenye kikokotoo miji hiyo bado iko mahali pake.

Kwa hiyo mstari wa tovuti hizi ni wa kusoma kilichotokea siku ile. Usiuchukue ukaufanya umbali rasmi wa safari. Na rubani hategemei hata huo: maofisa wa mipango ya safari humwandalia njia ya siku hiyo kwa upepo uliotabiriwa, na mafuta hupimwa kwa hiyo.

Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, limepata njia ya katikati ambayo naiona ya haki. Kikokotoo chake cha hewa ukaa huanza na duara kuu, kisha huongeza kilomita 50 kwa safari zilizo chini ya 550, 100 kwa zile za 550 hadi 5,500, na 125 kwa zinazozidi hapo. Dar–Zanzibar yenye kilomita 73 inahesabiwa 123. Nairobi–New York inaongezewa asilimia moja tu. Kama unaandika ripoti ya taasisi kuhusu safari za watumishi wake, tumia hicho kikokotoo, usiunde chako.

Anayedai fidia

Hili linawahusu sana ndugu zetu walioko Ulaya na wanaosafiri kuja nyumbani. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inapanga fidia kwa umbali: euro 250 kwa safari isiyozidi kilomita 1,500, 400 kwa ngazi ya katikati, na 600 kwa safari zinazozidi 3,500 kati ya Ulaya na nje. Kanuni yenyewe inasema umbali upimwe kwa duara kuu. Si kwa njia iliyorukwa, si kwa maili za kadi ya uaminifu ya shirika la ndege. Inahusu safari inayoanzia Umoja wa Ulaya kwa shirika lolote, na inayoingia huko kwa shirika la huko.

Kutoka kwetu hadi popote katika Umoja huo upande wa bara la Ulaya ni zaidi ya kilomita 3,500, kwa hiyo hakuna haja ya kubishana kuhusu tufe au umbo halisi. Bishano linakuja kwenye safari za kuunganisha. Tuseme umekata tiketi moja Hamburg–Amsterdam–Dar es Salaam. Ndege ya Hamburg inachelewa, ya Dar inakuacha, unafika siku ya pili. Ukiambiwa kilichochelewa ni kipande cha kilomita 380 na stahili yako ni 250, usikubali. Mwaka 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya Bossen dhidi ya Brussels Airlines, iliamua kwamba umbali ni wa duara kuu kutoka kiwanja cha kwanza hadi cha mwisho, bila kujali ulipounganishia. Andika HAM-DAR kwenye tovuti, piga picha ya jibu, ambatisha kwenye barua. Kampuni bado inaweza kujitetea kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake, lakini kwa umbali haina hoja.

Kabla ya kunakili namba yoyote

Tazama kipimo. Maili moja ya kawaida ni kilomita 1.609, ya baharini ni 1.852 kamili, na tovuti za Kimarekani mara nyingi huanza na maili bila kusema ni ipi. Gawa kilomita kwa maili uliyoona. Ikitoka karibu 1.61, ni ya kawaida. Ikitoka 1.85, umesoma namba ya marubani, na mtu akiichukulia 359 ya Dar–Nairobi kuwa kilomita atakuwa ameikata safari karibu nusu.